Bereti ya Kitambaa cha Kwaya

Afisa Mteule Xaveri Luambano, mtu aliyewafundisha kuruka karibu makomando wote wa brigedi yetu, alizikwa Lusewa bila bereti yake. Tulipofika makaburini bereti ilikuwa juu ya jeneza. Beleshi la kwanza la udongo lilipoanguka, haikuwepo. Palikuwa na gwaride zima la watu waliofundishwa kumwona nyoka kabla nyoka hajawaona, na hakuna hata mmoja aliyeona ilipopitia. Ninapoandika haya bado haijapatikana.

Siku mliyoniaga, nyinyi vijana wa stoo ya miavuli, mliniomba niandike mambo ya kazi. Nadhani mlitaka mawaidha. Mawaidha mtayapata kwa maafisa, wanayo mengi na hayapungui. Mimi nitaandika niliyoyaona. Vyeo nitaviacha, kwa kuwa nilipewa vichache na vilichelewa. Mshahara pia nitauacha. Ni huohuo mnaoulalamikia sasa, sisi tuliulalamikia kwa sauti ndogo zaidi. Lakini ili hiyo bereti ieleweke, lazima nianze mbali kidogo.

Brigedi haikuzaliwa brigedi. Ilianza kama kombania moja ya watu waliojitolea. Luambano, aliyekuwa mmoja wao, alitusimulia jinsi walivyojitolea: walipangwa mstari, afisa akasema, "Asiyetaka kuwa komando apige hatua moja mbele." Hakuna aliyethubutu kusogea. Afisa akaandika kwamba wote wamekubali kwa moyo mmoja. Walipewa kipande cha pori la miombo nje ya mji wa Songea, wakafyeka, wakajenga vibanda vya miti. Ndege yao ya kwanza ilikuwa bodi la lori lililokufa. Walilipandisha juu ya magogo, wakawa wanaruka kutoka mlangoni wakipiga kelele, huku wanakijiji waliokwenda kuokota kuni wakiwaangalia. Mama mmoja aliwauliza kama serikali imewakataza kutumia ngazi.

Kombania ilikua, ikagawanywa, ikagawanywa tena, hadi vikapatikana vikosi vitatu ambavyo wote mnavijua. Anga huingia kwa mwavuli. Pori huingia kwa miguu na wanaweza kukaa msituni mpaka nguo ziote ukungu. Maji hufanya mazoezi yao Ziwa Nyasa, kwa boti na kwa kuzamia, na hurudi wakiwa weusi, wanene na wamechoka kula samaki. Juu ya vikosi hivyo yupo Kamanda wa Brigedi na makao yake. Chini yao tupo sisi: stoo, gereji, jiko na zahanati. Kwenye ule mchoro wa muundo uliopo ukutani ofisini, sisi tumewekwa kisanduku cha chini kabisa, pembeni, karibu na jina la aliyechora.

Kuna sehemu moja ya muundo wa brigedi ambayo haimo kwenye mchoro, nayo ni utani. Hakuna aliyeutolea amri. Anga na Pori walianza kutaniana tangu siku walipotenganishwa, na kwa kuwa wengi wao walitoka kwenye makabila yenye watani wao, walijua namna ya kuufanya. Pori waliwaita Anga mizigo, kwa sababu hudondoshwa. Anga waliwaita Pori mbuzi, kwa sababu hutembea na kula majani. Mtu wa Anga angeweza kuingia kantini, akachukua soda mbele ya mtu wa Pori, akainywa na kumrudishia chupa, na huyo wa Pori asiseme neno. Kesho yake yule wa Anga angekuta kofia yake imevalishwa mbwa wa jikoni. Maji hawakuwa na mtani. Walikuwa waamuzi, na walikula pande zote mbili.

Utani huo ulikuwa na sheria kali kuhusu msiba. Akifa mtu wa Anga, Pori wana ruhusa ya kufanya lolote mpaka udongo wa kwanza uanguke: kumwigiza marehemu, kulala kaburini, kuzuia jeneza, kuchukua kitu chake. Udongo ukianguka, mchezo umekwisha na kila mtu analia kama kawaida. Kitu kilichochukuliwa kinarudishwa siku ya arobaini, watani wakishapikiwa jogoo na familia. Vivyo hivyo kwa upande wa pili. Nimehudhuria mazishi ya makomando wengi. Nawaambieni, wale waliozikwa kwa kelele hizo, familia zao zilirudi nyumbani zikiwa na nguvu ya kupika chakula cha jioni.

Sasa siku yangu ya kwanza. Nilitumwa stoo ya miavuli nikiwa praiveti, na nilifurahi sana kwa kuwa nilisikia neno stoo. Nilidhani nitakaa kivulini nikigawa mablanketi. Nilikuta jengo refu, sakafu inang'aa, meza ndefu kama barabara, na mtu mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu aliyenipokea kwa kuangalia buti zangu. Huyo ndiye Luambano, mkuu wa stoo.

"Vua. Humu hauingii mchanga. Jina?"

"Koleta, afande."

"Koleta, unajua kufua?"

"Ndiyo, afande."

"Na kupiga pasi?"

"Ndiyo, afande."

"Visahau vyote viwili. Mwavuli hatuutaki upendeze. Tunautaka ufunguke."

Akanifundisha kwa wiki kadhaa: kutandaza kitambaa mezani, kukagua kila kipande kwa vidole na siyo kwa macho peke yake, kunyoosha kamba na kuzilaza chini ya mifuko ya mchanga zisijipinde, kukunja, kufunga. Nilipomaliza mwavuli wangu wa kwanza peke yangu, aliuzunguka kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Umeridhika nao?"

"Ndiyo, afande."

"Vizuri. Utauvaa Alhamisi."

Nilimwambia mimi ni mtu wa stoo. Akasema ndiyo maana. Alipotoka niliufungua wote, nikaukunja upya. Kesho yake akauliza tena, "Umeridhika nao?" Nikasema ndiyo, akatoka, nikaufungua tena. Siku ya tatu nilichoka. Alipouliza, nikamjibu, "Sijui, afande." Akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Haya. Sasa umeanza kazi."

Alhamisi niliuvaa. Sitawasimulia ujasiri kwa kuwa haukuwepo. Nilisukumwa. Mwavuli ulifunguka, upepo ukanipeleka kando ya uwanja, nikaangukia kwenye shamba la mihogo la bibi mmoja aliyekuwa analima. Aliegemea jembe lake, akanitazama nikijinasua kwenye kamba.

"Mjukuu wangu, njia ipo palepale. Kwa nini umepitia huku?"

"Shikamoo, bibi," ndiyo yote niliyoweza kusema.

"Marahaba. Mihogo yangu utaipanda mwenyewe."

Niliipanda. Luambano alisimamia.

Kuna kanuni moja ya stoo ambayo naomba mtu asiwadanganye kuwa imepitwa na wakati. Kila mkunjaji ana zana zake: kulabu ya kuvutia kamba, mkasi, ubao wa kusawazishia. Kazi ikiisha, unaziweka mezani mbele ya mkuu wa stoo. Zana ikikosekana, miavuli yote iliyokunjwa siku hiyo inafunguliwa, na hakuna anayekwenda nyumbani mpaka ionekane, kwa sababu inaweza kuwa imo ndani ya mwavuli. Kulabu ndani ya mwavuli ni sawa na mfupa kooni.

Siku moja walikuja wageni wakubwa kuangalia maonyesho ya kuruka. Jukwaa limepambwa, bendi imepanga mstari, ndege inasubiri, miavuli imeshapakiwa kwenye lori. Tukaweka zana mezani. Kulabu moja haipo. Luambano akaagiza lori lirudi.

Mkuu wa utaratibu wa sherehe, kapteni mmoja mwenye saa ya kung'aa, alikuja mbio. "Afande Luambano, wageni wamekaa! Hiyo kulabu utaitafuta baadaye."

"Baadaye nitaitafuta mgongoni mwa nani, afande?"

"Nakuamuru!"

"Sawa. Basi chagua mmoja kati ya hiyo miavuli uvae wewe, uruke wa kwanza. Ukifika chini salama, wengine watakufuata."

Kapteni alikwenda kuwaambia wageni kwamba kuna upepo. Hapakuwa na upepo, hata bendera zilikuwa zimelala. Tulifungua miavuli yote. Bendi ilipiga nyimbo zake zote, ikazirudia. Tulipofikia mwavuli wa mwisho bila kuona kitu, Luambano aliingiza mkono mfuko wa shati lake, akatoa kulabu, akaiweka mezani.

"Nilitaka kujua kama mtafungua mbele ya wageni," alisema. "Haya, kunjeni."

Kuna watu walitaka kumpiga. Mimi nilikuwa mmoja wao. Lakini tangu siku hiyo hapakuwahi kutokea mtu wa kuomba lori liendelee.

Sasa bereti. Nendeni kwenye chumba cha historia pale makao makuu. Ubao wa ukutani umeandikwa kwamba bereti yetu ina rangi ya damu ya mzee kwa kumbukumbu ya damu ya mashujaa. Ni maneno mazuri, na nimeona wageni wakivua kofia zao baada ya kuyasoma. Ukweli ni huu. Wakati kombania ya kwanza inamaliza mafunzo, ilitakiwa ipite mbele ya wakubwa ikiwa na bereti zake, na bereti hazikuwa zimefika. Luambano alitumwa sokoni Songea atafute kitambaa. Alizunguka maduka yote, akakuta jora moja tu linalotosha, la damu ya mzee, na lilikuwa limeshanunuliwa na parokia kwa sare za kwaya. Aliyekuwa amekaa kwenye cherehani nje ya duka, akizishona, ni msichana wa sauti ya kwanza. Jina lake Fides.

Luambano alimwomba kitambaa kwa jina la taifa. Fides akamwambia taifa lije lenyewe. Akarudi kesho yake, akaomba kwa jina lake mwenyewe, na hapo mazungumzo yakaanza. Waimbaji wa sauti ya nne walikubali kuvaa mashati meupe mwaka ule. Fides akashona bereti kwa kitambaa chao, vipande vingine vikiwa vimeshatiwa utepe wa dhahabu wa pindo la kwaya. Utepe alioweza kuutoa aliutoa. Kwenye bereti ya Luambano aliuacha kwa ndani, akasema ndio unaoishikilia. Kombania ikapita mbele ya wakubwa, wakubwa wakaipenda rangi, na bereti za kiwandani zilipoagizwa baadaye, ziliagizwa kwa rangi hiyohiyo. Luambano akamwoa Fides.

Bereti nyingine za siku ile zilichakaa, zikatupwa, zikaliwa na mende. Ya Luambano ilibaki, kwa sababu mwenye kuishona alilala nayo nyumba moja. Alistaafu nayo, akaenda nayo kulima Lusewa, na kila Siku ya Brigedi aliivaa akaja kambini, akaniachia niirekebishe bitana. Mimi nilikuwa nimeshakuwa mkuu wa stoo. Ndiyo maana naujua ule utepe: nimeushona mara nyingi kuliko ninavyokumbuka.

Kisha akaja Kamanda ninayemsema hapa. Hakuwa mtu mbaya, tena yeye mwenyewe alijifunza kuruka kwa Luambano akiwa luteni mdogo. Ila alipenda mambo yaonekane. Alijenga chumba cha historia, akaagiza sanduku la kioo lenye taa ndani, na akataka bereti ya kwanza ikae humo. Siku moja alinikuta nayo mezani, imegeuzwa nje ndani.

"Huu utepe wa nini?"

"Wa kwaya, afande."

Alifikiri kidogo. "Kabla haijaingia kwenye kioo, utoe."

"Afande, nikiutoa inaachia yote."

"Wewe ni fundi, Koleta. Utaona cha kufanya."

Nilimsimulia Luambano. Alicheka mpaka akashika meza. Kamanda alipomwomba bereti rasmi, alijibu, "Mwombe mwenye kitambaa." Kamanda akaendesha gari hadi Lusewa. Mama Fides alimkaribisha, akampa karanga na chai, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Baba, hiyo nilimshonea kichwa chake. Atazikwa nayo." Kamanda akarudi na mfuko wa karanga.

Hazikupita mvua mbili, Luambano akafariki. Kamanda alitoa heshima zote: jeneza lenye bendera, gwaride, bunduki, tarumbeta. Na alitoa amri moja zaidi, kwamba utani hautakuwepo, kwa sababu watakuja watu wa magazeti. Ili kuhakikisha, alifanya jambo ambalo hata leo Maji wakilikumbuka wanakaa chini wacheke. Luambano alihesabiwa mtu wa Anga, hivyo Kamanda alijua Pori ndio watani, ndio wenye fujo. Basi akawaweka Pori wabebe jeneza. Alihesabu kwamba mtu aliyebeba jeneza, macho mbele, hatua za polepole, hana mkono wa kufanyia ujinga. Mtu aliyezaliwa kwenye utani angemwambia kwamba ni sawa na kumwajiri paka akubebee maziwa, lakini kati yetu hakuna aliyeulizwa.

Mimi mkosi wangu ulikuwa mkubwa zaidi. Asubuhi ya mazishi Kamanda aliniita pembeni. "Koleta, kabla jeneza halijashushwa, chukua bereti uilete kwangu."

"Ndiyo, afande."

Nikaenda kumpa pole Mama Fides. Akanishika mkono kwa nguvu za mtu aliyekanyaga cherehani maisha yake yote. "Mwanangu, kabla jeneza halijashushwa, mvalishe au mwekee kifuani. Usiwaache waichukue. Nisipomwona akienda nayo sitalala."

"Ndiyo, mama."

Jeshini unajibu ndiyo kwanza, halafu unafikiri. Nilitembea nyuma ya jeneza mpaka makaburini nikiwa nafikiri, na sikupata kitu.

Padri alisali. Wabebaji sita wa Pori waliweka jeneza juu ya miti kando ya shimo. Mbele kushoto alikuwa Sajenti Issa, mtu wa Tunduru, mwembamba, mwenye uso wa upole usiofaa kuaminiwa. Yeye na mwenzake waliiondoa bereti na mkanda juu ya bendera, wakaviweka kwenye kigoda kilichofunikwa kitambaa cheupe. Nasema waliviweka. Nadhani niliona wakiviweka. Kimya kilikuwa kikubwa, wote tumesimama kama tumechongwa, na kimya hicho hakikumfaa hata kidogo mtu aliyekuwa anazikwa.

Mama Fides akainua kichwa. "Nyie watu wa Pori," alisema, na sauti ya kwanza ya kwaya ilikuwa bado imo kooni mwake. "Mume wangu anazikwa leo au anahamishwa ofisi?"

Wabebaji waliendelea kutazama mbele.

"Miaka yote mmekula kwangu. Leo mmekuwa wageni? Hakuna mtani hapa?"

Padri, ambaye ni mtu wa hukohuko, alifunga kitabu chake taratibu akasogea pembeni. Issa alimtazama Kamanda. Akamtazama mama. Kisha mabega yake yakashuka, hatua zake zikawa fupi, kidevu kikapanda juu, na tukamwona Luambano anatembea. Watoto wa marehemu ndio waliocheka wa kwanza. Alipita mbele ya gwaride akivuta mikanda ya watu na kutingisha kichwa. Alifika kwa Kamanda, akasimama, akamzunguka polepole kama mtu anayenunua ng'ombe, akavuta mkanda wake.

"Umeridhika nao?"

Watu wa magazeti walikuwa wameinua kamera. Akasema, kwa sauti ambayo si ya brigedia, "Sijui, afande."

"Haya. Sasa umeanza kazi." Issa akageuka, akakimbia hatua tatu, akapiga kelele, "Mlangoooni!" akaruka ndani ya kaburi mikono ikiwa imekunjwa kifuani, kama tulivyofundishwa wote. Akalala humo chini akiita, "Nani alikunja huu mwavuli? Koleta! Koleta, kulabu iko wapi?"

Nilicheka na kulia kwa pamoja, na sikuona aibu kwa sababu hata tarumbeta ilikuwa imeshindwa kushikwa sawasawa. Wenzake walimtoa Issa kwa kamba, amejaa udongo mwekundu. Bendera ikakunjwa, Mama Fides akapewa. Nikageukia kigoda. Mkanda ulikuwepo. Bereti haikuwepo.

Kamanda alinitazama. Mama Fides alinitazama. Jeneza likashushwa, padri akatupa udongo, na kwa sheria ya utani mchezo ukawa umekwisha.

Tuliporudi barabarani Kamanda aliamuru wabebaji wote wapindue mifuko. Zilitoka karanga, ugoro, kipande cha muhogo wa kuchoma uliotoka jikoni kwa msiba, na yai la kuchemsha ambalo mwenyewe hakupatikana. Mimi nilipekuliwa wa kwanza. Hakuna bereti. Kamanda alisimama kidogo kando ya gari lake, kisha akacheka peke yake, akapanda. Sikuwahi kusikia akilitaja sanduku la kioo tena. Mmeona kilichomo sasa: bereti mpya ya stoo, iliyoandikwa kwa herufi ndogo sana kwamba ni ya mfano.

Siku ya arobaini Mama Fides alipika jogoo, kama inavyotakiwa. Wabebaji sita walikuja, wakanawa, wakala mpaka mifupa. Sasa kitu kirudi. Wakatazamana.

"Mama," alisema Issa, "kuku mtamu, lakini nani amekwambia ni sisi?"

"Issa, usinichezee. Arobaini imefika."

"Wallahi, nilitoka mle shimoni mikono mitupu. Watu wote wameona."

Wengine nao walikana, mmoja mmoja, na kilichonishangaza ni kwamba walimtazama Issa kwa mshangao wa kweli. Mama Fides alikusanya sahani. "Haijarudi, basi deni la jogoo bado lipo. Mwakani mtakuja kukana tena."

Na wamekuwa wakija. Kila mwaka hupanda basi la Namtumbo, wanashuka, wanampelekea sukari na sabuni, wanamrekebishia bati lililoachia, wanapalilia alipochelewa, wanakula jogoo, wanakana. Wawili wamehamishwa mbali lakini hupiga simu siku hiyo na kukana kwa spika, watoto wa jirani wakisikiliza. Mimi nami huenda. Mama Fides hulala vizuri au hafumbi macho, kutegemea siku. Kuna siku huniambia, "Anayo huko chini, nahisi anayo." Kuna siku hunikamata mkono uleule. "Koleta, mwanangu, anayo?" Na mimi, niliyemwambia ndiyo siku ile bila kufikiri, sasa siwezi kusema ndiyo wala hapana.

Mwaka huu nilikwenda nikiwa mstaafu. Tulipokuwa tunasubiri basi la kurudi, nilimbana Issa. Naye mvi zimeshaanza.

"Issa, sisi tumebaki wachache. Yule mama anataka kujua jambo moja tu. Ulisema ulitoka mikono mitupu. Sawa, nilikuona ukitoka. Uliingiaje?"

Alijipangusa vumbi kwenye suruali kwa muda mrefu. "Dada Koleta, miavuli yangu yote ya mafunzo ulinikunjia wewe, sivyo?"

"Karibu yote."

"Niliwahi kukufungulia nione umeweka nini ndani?"

"Hapana."

"Basi." Basi lilikuwa linakuja na vumbi lake. "Na nikikujibu, mwakani sisi tutakuja kufanya nini kwake?"

Alipanda mbele, mimi nikakaa nyuma. Huenda bereti imo kaburini chini ya jeneza, na utepe wake wa dhahabu umeshakuwa udongo. Huenda imo kwenye sanduku la mtu Tunduru. Huenda Issa mwenyewe hajui na amependa tu kuonekana anajua. Nimemfahamu muda mrefu, na hilo nalo linawezekana kabisa.

Kanuni ya stoo mnaijua. Zana ikikosekana, hakuna anayekwenda nyumbani. Mimi nipo nyumbani hapa Msamala, kwenye baraza yangu, viatu nimevua, na zana moja bado haijawekwa mezani.